Kitoweo cha halali kinahitaji zaidi ya kisu

Huku Genkuru, wilayani Tarime, ng'ombe ni mahari, ni akiba na ni heshima ya mwenye boma. Ukivuka Mto Mara na kuingia Serengeti, hali ni hiyo hiyo. Sisi familia za Kiislamu tu wachache katikati ya jirani zetu Wakurya, lakini kwa jambo moja tunahitajiwa na wote. Ikitokea harusi au msiba, mwenye shughuli humwita mmoja wetu achinje, ili mgeni yeyote atakayefika ale bila wasiwasi. Hii ni amana, nasi twaijua thamani yake. Mwaka 2013 mabishano juu ya nani achinje yaligharimu uhai wa mtu huko Buseresere, mkoani Geita. Ujirani uliojengwa kwa miaka mingi unaweza kuvunjwa na kitoweo cha siku moja.

Hata hivyo, kuchinja ni mwanzo tu wa safari ya nyama. Mnyama aliyechinjwa kwa jina la Allah anaweza kuchunwa juu ya udongo, akaoshwa kwa maji machafu na kufikishwa buchani bila kupimwa na yeyote. Dini yetu imetutaka tule kilicho halali na kilicho kizuri, na mawili hayo hayatenganishwi. Kimeta, kifua kikuu cha ng'ombe na minyoo ya tegu havimbagui mlaji kwa dini yake. Mama anayepika mchuzi jioni hana darubini jikoni. Anategemea jicho la mkaguzi wa nyama na muhuri wake.

Tukitazama adabu za kuchinja tulizofundishwa madrasa, tunaona kwamba machinjio bora yamekwisha kuelezwa humo. Mnyama anyweshwe maji, kwa hiyo pawe na maji. Asionyeshwe kisu wala asichinjwe mbele ya mwenzake, kwa hiyo pawe na zizi la kusubiria lililotengwa kwa ukuta. Damu itoke yote, kwa hiyo pawe na mfereji na shimo la kuipokea. Tukiongeza mahali pa kumtundika mnyama ili achunwe bila kugusa sakafu, pamoja na mkaguzi, tumepata karo la kuchinjia linalofaa kijiji. Halihitaji mabilioni.

Fedha za umma kwa ajili ya nyama zipo, na zimekwisha kutumika kwingine. Machinjio ya kisasa ya Vingunguti, Dar es Salaam, yalijengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 12. Nyama ya Tanzania leo inauzwa katika nchi za Ghuba, na jambo hilo ni la heri. Lakini ng'ombe wengi wa huku kwetu huondoka wakiwa hai, wengine kupitia Sirari hadi Kenya. Kazi ya kuchinja na kuchakata hufanywa na vijana wa kwingine, na ngozi hubaki huko huko.

Historia nayo inatuonya tusipende majengo kuliko kazi yenyewe. Kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe, kilichoanzishwa mwaka 1947, kilipeleka nyama ya makopo ng'ambo. Leo jina lake linatajwa zaidi kwa viwanja vya mikutano. Jirani zetu Kenya walianzisha Tume ya Nyama mwaka 1950, ikafungwa, ikafufuliwa, na hatimaye mwaka 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Jengo lisilo na fedha za kuliendesha kila mwezi ni gofu linalosubiri siku yake. Maji, umeme, usafiri wa mkaguzi na usafi wa kila siku ndivyo vinavyopaswa kuandikwa kwenye bajeti kwanza, kabla ya saruji.

Hapa kwetu tuna nafasi ambayo vijiji vingi havina. Mgodi wa dhahabu wa North Mara uko jirani, na marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati vimestahili kutangulia. Sasa tunaomba karo la kuchinjia liingie katika orodha hiyo, na taratibu zake ziandikwe wazi. Mchinjaji awe Muislamu aliyefundishwa kazi, mkaguzi awe mtaalamu wa serikali, na ada iwe ile anayoimudu mwenye bucha mdogo. Yakiandikwa mapema, hakuna atakayepata sababu ya kugombana siku ya kuchinja.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kisheria kila baada ya miezi mitatu, na ni wa kila mkazi mtu mzima. Tuhudhurie, wala kina mama wasibaki nyumbani, maana wao ndio wanunuzi wa nyama na wauguzi wa watoto ikiwadhuru. Tuwatangulie jirani zetu kuwapa hodi, twende nao pamoja, na ombi letu lisomwe kuwa ni ombi la Genkuru nzima. Insha Allah litasikilizwa.