Debe la Maganda

Nimezaliwa na kukulia Biryogo, jijini Kigali, na tangu ujana wangu riziki yangu imetoka jikoni. Chai ya maziwa, chapati, maharage, viazi, na jioni mishikaki. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye huenda yuko pale nilipokuwa mimi: mwenye mgahawa mdogo au kibanda, anayefagia mlango wake kila asubuhi na kuamini kwamba hapo amekwisha kutimiza haki ya jirani na haki ya Mungu.

Mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi. Kigali inasifiwa kwa usafi, na sifa hiyo nilijivika kana kwamba ni yangu. Mifuko ya nailoni, masashi kama tunavyoyaita huku, ilipigwa marufuku nchini mwaka 2008. Chini ya meza yangu niliendelea kuyaweka, yaliyovushwa mpakani kwa magendo, nikiwafungia sambusa wateja niliowaamini. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, nilitoka kwa kuogopa faini. Nilishika jembe, nikasimama karibu na wanaochimba, na saa tano ilipofika nikarudi kuwasha jiko. Lakini lililokuwa baya zaidi nililifanya usiku, baada ya kufunga. Mafuta ya kukaangia yakishakuwa meusi niliyamimina mtaroni, nikayafuatishia maji ya vyombo pamoja na maganda na makombo. Asubuhi mlangoni pangu palikuwa safi. Mtaro ulikoelekea sikuwahi kujiuliza.

Asiyeijua Biryogo aelewe kwamba tuko mlimani. Ni mtaa uliotengwa enzi za Wabelgiji kwa Waislamu na wafanyabiashara Waswahili, na hadi leo nyumba zimesongamana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Mvua ikinyesha, maji hushuka kuelekea bonde la Rwampara, na huko mbele huingia mto Nyabarongo, kisha Akagera, kisha Ziwa Viktoria. Kabla ya kufika huko kote, hupita kwanza kwa watu wanaoishi chini yangu. Mmoja wao ni mama mjane tunayemwita Hajati.

Mwaka 2021, wakati wa Korona, barabara za hapa mtaani zilifungwa kwa magari ili wenye migahawa tuweke meza nje. Lami ikapakwa rangi, wageni wakaanza kuja kutoka kila pembe ya mji, na watoto wakapata mahali pa kukimbia. Nilishukuru sana, na bado nashukuru. Ila wateja walipoongezeka, na nilichokimimina usiku kiliongezeka. Viazi vilikuwa vingi zaidi, mafuta mengi zaidi, chupa za plastiki nyingi zaidi.

Masika yaliyofuata mtaro uliziba. Ilikuwa usiku, mvua kubwa, na maji yaliyokosa njia yaliingia kwa Hajati. Asubuhi vijana wa mudugudu, yaani kitongoji chetu, walifunua mifuniko ya mtaro kwa nondo, nami nikajiunga nao kwa chepe. Kilichotoka kilikuwa bonge la mafuta yaliyoganda, jeupe kwa nje na la kijivu ndani, limenasa maganda ya viazi, majani ya chai na masashi. Nililitambua. Nadhani wengine pia walilitambua, maana hapo jirani ni mimi tu niliyekaanga kwa karai kubwa kiasi hicho. Hakuna aliyesema neno.

Nilikwenda kwake mchana. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, msala wake umeanikwa juu ya kamba, na yeye anasukuma maji nje kwa ufagio. Nilimsalimia, nikasimama. Mwishowe nikasema, "Hajati, mafuta yale ni yangu."

"Najua, mwanangu," akajibu. Aliendelea kufagia. Kisha akauliza, "Na maganda ya viazi, unayapeleka wapi?"

Nikasema nayatupa.

"Basi usiyatupe. Niletee mimi."

Akanipa debe tupu. Hakunishtaki kwa mkuu wa mudugudu, hakunidai godoro. Nilistahili faini na aibu mbele ya mtaa, na alichonipa ni debe. Mpaka leo sijapata la kusema juu ya jambo hilo, isipokuwa kwamba sikulistahili.

Nyuma ya nyumba yake kuna uwanja mdogo ambamo mtu hawezi kulala akanyoosha miguu. Humo alikuwa na magunia ya udongo yaliyotobolewa ubavuni, na katika kila tundu mche wa dodo, yaani mchicha, au kitunguu. Pembeni palikuwa na pipa la mboji. Siku ya kwanza aliniambia niingize mkono ndani, na nilishangaa kukuta joto. Maganda yanapooza pakiwa na hewa hutoa joto, akaniambia, na harufu yake ni ya udongo wa shambani. Yakikosa hewa, yakajaa maji, ndipo yananuka.

Kuna kitu kingine nilikiona hapo kikanigusa kuliko mboji. Adhana ya alasiri ilipolia, Hajati alitawadha kwa kopo dogo, akiwa amesimama karibu na magunia, na maji yaliyotiririka kutoka viungoni mwake yaliangukia mimea. Tangu madrasa nimefundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika hata lita moja. Nililijua hilo kwa ulimi. Bombani kwangu nilikuwa nafungua maji yakamwagika tangu bismillahi mpaka mguu wa kushoto.

Nisikufiche, sikubadilika mara moja. Nilianza pipa langu mwenyewe nikalijaza kila kitu, mifupa na mabaki ya nyama ndani yake. Panya walikuja, inzi wakaja, na mwenye nyumba akanitaka niliondoe. Ramadhani ilipoingia, na watu ni wengi wakati wa kufuturu, nilichoka nikarudia kutupa kila kitu katika gunia moja. Nilimkwepa Hajati siku hizo. Alipoacha kuniona alimtuma mjukuu wake na debe tupu, bila ujumbe wowote. Nikaanza tena. Sasa nikaelewa alichokuwa ananiambia: kila tabaka la maganda lifunikwe kwa majani makavu, nyama na mafuta visiguse pipa, na wiki kwa wiki ligeuzwe. Majani tunayapata siku ya umuganda, maana nyasi hufyekwa kando ya barabara, na siku hizo mimi ndiye wa mwisho kuondoka.

Mafuta niliyakusanya katika dumu, na mtengeneza sabuni huyachukua. Maharage na chai nilivihamishia kwenye gesi. Hapo nilipata taabu ya kweli, kwa sababu bei ya gesi ilipanda na makaa yalikuwa mlangoni, unanunua hata ya mapishi ya leo tu. Kilichonizuia nisirudi nyuma ni kujua makaa yanatoka wapi. Kwa tanuri la kienyeji, kilo moja ya makaa hula karibu kilo nane za kuni au zaidi, na milima yetu tunaijua ilivyo, mti ukiondoka udongo nao unashuka. Mwezi Mei 2023 mvua ziliua watu zaidi ya 130, hasa katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, kwa mafuriko na maporomoko. Sisemi makaa yangu ndiyo yaliyowaua. Ila baada ya msiba ule sikuweza tena kununua gunia bila kufikiri. Mishikaki bado naichoma kwa makaa. Sijapata njia nyingine ambayo wateja wanaikubali, na sitaki kukuficha hilo.

Nilivunjika moyo pia kwa jambo jingine. Nilikuwa natenganisha taka kwa uangalifu, kisha naona gari la taka linakuja na kuzichanganya zote. Nilimlalamikia Hajati. Aliniuliza, "Gunia lako sasa lina uzito gani?" Ni kweli, lilikuwa jepesi. Sehemu kubwa ya taka za Kigali ni mabaki ya chakula na mimea, na kilichooza pipani kwetu hakikwenda jalala la Nduba kurundikwa juu ya vingine, kikose hewa na kutoa methani, gesi inayolipasha joto anga kupita hewa ya ukaa. Nilichoweza kukizuia kilikuwa mikononi mwangu, bila kumngoja mwenye gari.

Leo magunia ya dodo yapo katika nyua kadhaa za jirani, na wapishi wenzangu wanaleta maganda. Mboga nyingine nazipika hapa hapa mgahawani. Serikali nayo imeingiza bonde la Rwampara katika maeneo matano ya ardhi oevu ya Kigali yanayofufuliwa, na ninafurahi, kwa sababu miaka yote ile nami nilikuwa mmoja wa waliolipelekea uchafu. Hajati amezeeka, lakini bado hufunua pipa langu na kunikosoa.

Ukiwa jirani yetu, lete maganda kabla ya adhuhuri, bila nyama, bila mafuta, bila sashi. Ukiwa mbali, siku mvua itakaponyesha fuata mtaro wa mlangoni pako uone unafika kwa nani kwanza, kisha umwendee mtu huyo umsalimie.