Mantabali ya Malindi

Juzi tulipita bustani ya Forodhani, hapa Zanzibar, na mpwa wangu, aliyekulia Dar es Salaam. Mbele ya meza za pizza akaniambia kwa uhakika kabisa: "Mjomba, hii waliileta Wataliani wa mahoteli ya Kiwengwa." Roho iliniuma. Wataliani wamekuja kuila kama wageni wengine. Wapishi walikuwapo kabla yao.

Sisi tuliijua kwa jina la mantabali. Mtaani kwetu Malindi aliiuza mzee mmoja tuliyemwita Babu tu. Kima aliipika alasiri kwa thomu, tangawizi na uzile mpaka ikakauka, hivyo baada ya sala ya isha kazi yake ilikuwa nyepesi. Madonge ya unga wa ngano yalilala ndani ya mafuta chini ya kitambaa cheupe. Alichukua moja, akalibandika juu ya bamba la marumaru na kulivuta kwa viganja mpaka mishipa ya jiwe ikaonekana kupitia unga. Katikati aliweka kima, kitunguu kibichi na pilipili, akavunja yai, akakunja pembe nne, kisha kwenye chuma. Harufu ya uzile uliokutana na samli ya moto ilinifikia kabla sijakunja kona ya kichochoro chake. Mama alirudi kazini amechoka, akanipa sahani na sarafu nikanunue. Kachumbari ikakatwa nyumbani, na chakula cha usiku kimekamilika. Yai moja na konzi ya kima vilitosha kushibisha watoto wawili.

Watalii walipoongezeka, ikaitwa pizza. Ikaingia jibini ya pembetatu, ikaingia mayonezi, kisha ndizi na chokoleti. Ninachojua ni kwamba mayonezi inazima ladha ya uzile, na kijana anayeimimina hajawahi kuonja kima isiyo nayo. Hilo linanikera kila nikipita.

Usiku uleule wa Forodhani nilimwingiza mpwa wangu jikoni. Siku hizi hakuna haja ya kuvuta donge: manda za sambusa zinauzwa tayari, na kima iliyokwisha kupikwa hukaa kwenye friza. Tulipanga manda mbili kwa msalaba, tukaweka kima kidogo, mchicha uliokatwa na kukamuliwa maji, karoti iliyoparwa na hoho, tukavunja yai na kukunja. Kikaango tulikipaka mafuta kijiko kimoja, moto mdogo, tukafunika ili yai liive ndani kabla manda haijaungua. Mchicha umechukua nafasi ya nusu ya nyama, na samli nimeiacha kwa ajili ya presha. Lau tungepika wali usiku ule, ungekuwa bado haujakauka maji sisi tumeshakula.

Jibini naruhusu, kipande kidogo, maana watoto wanaipenda. Mayonezi haiingii jikoni kwangu.