Septemba ya Hiti Nyingi

Ripoti ya Septemba 2001 ilisema kwamba tovuti ya kampuni yetu ya utalii haijawahi kupata wageni wengi kama mwezi ule. Nguzo za kijani za Webalizer, programu iliyochora ripoti hiyo, zilikuwa fupi mpaka tarehe 17, na kuanzia tarehe 18 zikapanda ghafla hadi juu ya ukurasa. Wakati huohuo, pale Moshi, hatukuwa na mtu wa kumpandisha Mlima Kilimanjaro. Tangu ndege zilipogonga majengo ya New York, makundi ya Oktoba yalikuwa yakifutwa ubaoni moja baada ya jingine. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, waliozoea kungoja kazi nje ya ofisi yetu, karibu na mnara wa saa, walifika asubuhi, wakasalimia, wakakaa mpaka jua la saa sita, kisha wakarudi Kibosho na Old Moshi kwa miguu.

Mkurugenzi wetu, mzee tuliyemwita Meku kwa heshima kama Wachagga wanavyowaita wazee wao, aliingia chumbani kwangu na karatasi ya ripoti mkononi.

"Kijana, hawa watu wote wanaoingia humu, wako wapi?"

"Meku, nipe mpaka kesho. Nataka nisome mistari yenyewe."

Nieleze kwanza hiyo mistari ni nini, kwa sababu vijana wengi wanaofanya kazi ya utalii leo hawajawahi kuiona. Tovuti yetu ilikaa kwenye seva Marekani, kama tovuti nyingi za Tanzania enzi hizo. Huko ilikuwa bei nafuu na umeme haukatiki. Kila kompyuta ilipoiomba seva ile kitu chochote, ukurasa au picha, seva iliandika mstari mmoja kwenye faili lake la kumbukumbu. Mstari huo ulikuwa na anwani ya IP ya mwombaji, vistari viwili ambavyo karibu kila mara havikuwa na kazi, tarehe na saa, jina la kitu kilichoombwa, msimbo wa jibu na idadi ya baiti zilizotumwa. Mwishoni ulitaja ukurasa alikotokea mwombaji na jina la kivinjari chake. Basi. Hapakuwa na jina la mtu, wala umri, wala nia yake.

Faili la mwezi mzima nililivuta usiku kwa modemu, juu ya laini ya simu ya TTCL iliyokwaruza, likiwa limebanwa na gzip. Maandishi ya aina hiyo hubanika vizuri sana, la sivyo gharama ya simu ingemaliza mshahara wangu. Umeme ukikatika katikati, nilianza upya.

Ripoti nzuri zenye rangi zilipikwa kutokana na faili hilo, na humo ndimo neno "hiti" lilimoleta balaa. Hiti ni mstari mmoja tu. Ukurasa wetu wa kwanza ulikuwa na picha 22, kuanzia Kibo yenye theluji hadi vibendera vidogo vya lugha. Mtu mmoja akiufungua mara moja, seva iliandika mistari 23. Akirudi kesho yake, kivinjari chake kilikuwa kimeshazihifadhi picha, kwa hiyo kiliuliza tu kama zimebadilika, kikajibiwa 304, maana yake hazijabadilika, au hakikuuliza kabisa. Kampuni kubwa za intaneti nazo zilihifadhi nakala kwenye proksi zao, na watu wangeweza kuusoma ukurasa wetu humo bila seva yetu kupata habari. Hiti zilizidisha watu na kuwapunguza kwa wakati mmoja. Lakini wauza matangazo waliokuja Moshi miaka ile waliuza kwa hiti, na wakurugenzi walijivunia hiti wakikutana kwenye chai.

Aliyenifumbua macho sikuwahi kukutana naye. Stephen Turner, mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alitunga programu ya Analog ya kuchambua mafaili kama hilo mwaka 1995 na kuigawa bure. Ndani ya maelezo yake aliweka ukurasa unaosema waziwazi mambo ambayo kumbukumbu za seva haziwezi kukuambia: huwezi kujua kwa hakika umetembelewa na watu wangapi, huwezi kujua kila aliyesoma, huwezi kujua alikaa muda gani. Nimesoma maelezo ya programu nyingi tangu hapo. Ni machache sana yaliyotungwa na mtu aliyejali ukweli kuliko kuipendezesha kazi yake.

Usiku wa siku ile Meku aliponiuliza, nilifungua mistari ya tarehe 18. Kulikuwa na maelfu ya maombi ya vitu ambavyo hatukuwa navyo: root.exe, cmd.exe, na njia ndefu zenye alama za ajabu. Kila anwani ilibisha zaidi ya mara kumi ndani ya sekunde chache, kila mara kwa jina tofauti, ikajibiwa 404, yaani hakuna kitu hicho. Nilikuwa nimeshaona kitu kama hicho mwezi Julai, kirusi cha Code Red kilipobisha kikiomba default.ida ikifuatiwa na mfululizo mrefu wa herufi N. Hiki kipya kiliitwa Nimda. Kilianza kusambaa tarehe 18 Septemba, wiki moja baada ya mashambulizi, kikitafuta seva za Microsoft zenye tundu. Seva yetu ilikuwa ya Apache, kwa hiyo hatukudhurika. Lakini tovuti yetu ilikuwa na anwani yake ya IP peke yake, jambo la kawaida wakati ule, na kila kompyuta iliyoambukizwa ikabahatisha kupita mlangoni kwetu iliacha mistari yake. Webalizer ilihesabu kila ombi kuwa hiti, hata lililojibiwa kwamba hakuna.

Niliondoa mistari yote ya Nimda, nikaondoa ya roboti za injini za kutafutia kama Googlebot, nikabaki na maombi ya kurasa zetu halisi. Picha iliyobaki ilifanana na ubao wa ofisi. Kurasa za bei zilikuwa karibu hazifunguliwi, na wachache waliokuja walikwenda moja kwa moja kwenye masharti ya kurudishiwa fedha.

Asubuhi nilimweleza Meku. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwezi tuliokufa ndio karatasi inasema tumestawi?" Nilimjibu ndiyo. Siku ileile alikataa mkataba wa tangazo ambao mtu alimletea kwa hesabu ya hiti, na akaniagiza kwamba kuanzia sasa nisimletee grafu kabla sijasoma mistari.

Kuisoma mistari kulitupa mambo ambayo grafu haikuwahi kutupa. La kwanza lilikuwa saa. Seva iliandika kwa saa za mashariki ya Marekani, nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao na saba wakati wa kiangazi. Nilipozigeuza saa zile ziwe za kwetu, niliona kwamba Wamarekani wengi walitusoma mchana wao, wakiwa kazini wakati wa chakula. Wakati wa baridi yao, saa sita na nusu ya mchana wao ilikuwa saa mbili na nusu usiku Moshi. Waliandika barua pepe sisi tukiwa tumefunga, na jibu liliwafikia wakiwa wamelala. Dada wa mapokezi ndiye aliyependekeza zamu ya jioni: mmoja wetu abaki mpaka saa tatu usiku, ajibu barua mtu akiwa bado mbele ya kompyuta yake. Ilitusaidia kuliko tangazo lolote tulilowahi kulipia.

La pili lilikuwa nchi. Ripoti ya nchi ilitegemea mwisho wa jina la mashine: .de Ujerumani, .nl Uholanzi, .uk Uingereza. Kwa .com na .net haikuwa na la kusema. Wateja wa AOL, mtu wa Alaska na mtu wa Florida, walitokea wote kwenye proksi za kampuni hiyo iliyokuwa na makao yake Virginia, na mtu mmoja angeweza kuomba ukurasa kwa anwani hii na picha zake kwa anwani nyingine. Lililoniuma zaidi ni Tanzania. Kwenye ripoti tulikuwa karibu sifuri. Nami nilijua si kweli: nilikuwa nikiwaona kwa macho yangu, kwenye intaneti kafe za Moshi, waongoza watalii wakiwaonyesha ndugu zao picha zao kwenye tovuti yetu. Kafe nzima ilitoka kwa anwani moja, na mara nyingi anwani yenyewe ilikuwa ya kampuni ya setilaiti iliyosajiliwa nje. Afrika haikuwa na msajili wake wa anwani za intaneti. AfriNIC ilitambuliwa rasmi mwaka 2005, na kabla yake tulipewa anwani kupitia Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mpagazi wa Marangu aliyekaa mtaani kwetu alihesabiwa kuwa mgeni wa nje. Nililiandika jambo hilo juu ya kila ripoti niliyoitoa, ili asiwepo wa kusema kwamba Watanzania hawautazami mlima wao.

La tatu ndilo ninalolikumbuka kwa upendo. Ukipanga mistari kwa anwani na saa, unaona njia aliyopita mtu: ukurasa wa kwanza, halafu ule wa njia ya Machame ya kupandia mlima, halafu bei. Miezi ya mwanzo wa 2002, wageni walipoanza kurudi, niliona njia moja ikijirudia. Watu walitoka kwenye bei wakaenda ukurasa mdogo kuhusu wapagazi, ambao yule dada wa mapokezi aliuandika kwa hiari yake na kuuweka chini kabisa. Kati ya mstari wa ukurasa huo na mstari uliofuata zilipita dakika nyingi. Wengine walitoka hapo wakaja kwenye fomu ya kutuandikia. Wengine hawakuwa na mstari mwingine. Seva huandika anayeingia, haimwandiki anayetoka. Kwa ukurasa wa mwisho huwezi kujua kama mtu aliusoma saa nzima au aliufunga papo hapo.

Nilimpelekea Meku njia zile zimechapwa. Nilisema, "Meku, hawa wanataka kujua mgumu analipwa nini kabla hawajatupa fedha zao." Hakupenda. Kampuni nyingine hazikutaja malipo, na kuyataja kulimaanisha kuyalipa kwelikweli. Tulibishana kwa majuma. Mwishowe malipo ya siku ya mpagazi yaliwekwa kwenye ukurasa wa bei, pamoja na kikomo cha uzito wa mzigo, na mizani ikanunuliwa. Mwaka uliofuata, 2003, mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulianzishwa hapahapa Moshi na ukaanza kuziuliza kampuni mambo hayohayo. Sisi majibu tulikuwa nayo tayari. Sidai kwamba mistari ya seva iliwapa wagumu haki yao. Waliipigania wenyewe. Ila ofisini kwetu mistari ile ilikuwa ushahidi ambao Meku hakuweza kuukataa.

Kipimo chetu cha mwisho kilikuwa geti la hifadhi ya mlima. Kila anayepanda hujiandikisha kwenye kitabu cha hifadhi, jina, umri, kazi na nchi, na hujiandikisha tena kambini. Kila mwisho wa msimu nililinganisha wageni wetu walioandikwa getini na fomu zilizojazwa kwenye tovuti miezi kadhaa kabla. Hesabu hiyo tu ndiyo niliyoiamini bila masharti.

Oktoba 2002 ilileta wimbi jingine. Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alichapisha katika jarida la Science kwamba barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa asilimia 80 hivi tangu 1912, na kwamba ingeweza kutoweka kati ya 2015 na 2020. Safari hii mistari ilikuwa ya watu kweli, wakitoka kwenye kurasa za habari na kwenye Google wakiuliza theluji itakwisha lini. Tuliwaandikia ukurasa. Barafu ile imepungua sana tangu wakati ule, ingawa haijaisha.

Maneno ya utafutaji yalikuwa yakisomeka wazi kwenye mstari, kwa sababu kivinjari kilituma anwani nzima ya ukurasa wa matokeo. Humo watu waliandika mambo ambayo wasingemwambia mgeni. Walitafuta Kilimanjaro na kisukari, Kilimanjaro baada ya saratani, Kilimanjaro na majivu ya mzazi. Nilianza kuufunga mlango nikisoma. Kuanzia 2011 Google ilianza kuyaficha maneno hayo. Wenzangu wa biashara walilalamika. Mimi niliona ni sawa.

Wakati huo ofisi ilikuwa imeshahamia Google Analytics, iliyotolewa bure Novemba 2005, na watu wakaacha kuvuta mafaili. Ya kwangu yalikuwa kwenye diski, kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, nilijiuliza nina ruhusa gani ya kuendelea kuweka anwani za watu pamoja na magonjwa yao. Sikuipata. Nilizivunja diski zote, nikabakiza daftari langu la jumla za kila mwezi.

Tovuti sasa inasimamiwa na mpwa wangu. Grafu zake zimepanda tena, na nyingi ya hiti hizo ni za GPTBot na roboti nyingine za akili mnemba zinazosoma kila ukurasa mchana na usiku. Nimemfundisha kuziondoa kwanza. Kumbukumbu anazihifadhi kwa siku 30, sehemu ya mwisho ya kila anwani ikiwa imekatwa. Wiki iliyopita alinionyesha njia ya simu moja kutoka mtandao wa hapahapa nchini: ukurasa wa njia ya Lemosho, bei za Watanzania, wapagazi, halafu fomu. Alimjibu kwa Kiswahili kabla ya saa sita mchana.