Ukuta wa Siku Moja

Katika nchi yetu ya majani chai, barabara si njia ya magari peke yake. Nilizaliwa upande wa Bomet, karibu na barabara itokayo Sotik kwenda Kericho, na kando ya barabara hiyo nilijifunza mambo mengi ya dunia. Alfajiri hupita wachumaji na vikapu mgongoni. Kisha hupita watoto wa shule, ng'ombe, wauza viazi na pikipiki. Na jioni huja lori la kiwanda kuchukua majani. Wote hao hugawana lami moja, wala hakuna kimtengacho mwenda kwa miguu na mwenda kwa magurudumu ila mstari mweupe ambao mvua imekwisha kuufuta.

Babu yangu alipenda sana habari za mashindano ya magari. Alitusimulia kwa fahari kwamba Joginder Singh, bingwa aliyeshinda Safari Rally mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, alizaliwa papa hapa Kericho mwaka 1932. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, katika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa na uwanja wake. Yalikimbia katika barabara za watu wote, yakikutana na matope, mabasi na mifugo. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 vile vile 7. Babu aliwahi kwenda Nakuru kwa lori kuyatazama. Nilipomwuliza kama hawakuogopa, alijibu, "Tuliyasikia yangali mbali, mjukuu wangu, nasi tukaruka mtaroni." Kwa babu, sikio ndilo lililokuwa ukuta.

Mimi nilihitimu chuo cha ualimu, nikawa mwalimu wa sayansi. Katika muhula wa mwisho wa mwaka 2023 niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu ya mashindano ya namna nyingine, yaliyofanywa tarehe 25 Februari mwaka huo katika mji wa Cape Town, Afrika Kusini. Magari yote yalikuwa ya umeme. Mashindano hayo, yaitwayo Formula E, yalianza mwaka 2014 katika mji wa Beijing, na tangu awali nia yake ilikuwa kukimbia ndani ya miji, kwa kuwa gari la umeme halitoi moshi wala halipigi kelele nyingi. Cape Town haikujenga uwanja mpya. Barabara za mtaa wa Green Point, karibu na bahari, zilifungwa kwa muda. Kandokando vikapangwa vipande vizito vya zege, na juu yake ukasimamishwa wavu wa chuma. Magari yakashindana, António Félix da Costa wa Ureno akashinda, kisha ukuta ukaondolewa na barabara zikarudi kwa wenyewe.

Vijana walistaajabu. Niliwaeleza kwamba dereva anapopunguza mwendo, mota ya gari lile hugeuka kuwa mtambo wa kufua umeme, na nguvu ambayo ingepotea kwa kuwa joto hurudi katika betri. Jambo hilo latuhusu sisi watu wa milimani. Lori litokalo Kericho, penye kimo cha mita 2,000 hivi, kushuka kwenda tambarare za Kisumu, huziminya breki mpaka zikanuka. Gari la umeme laweza kuvuna umeme katika mteremko ule ule.

Lakini walistaajabia zaidi ule upungufu wa kelele. Magari yalipita kwa mlio mwembamba, kama wa cherehani. Mimi nilikwisha kuujua ukimya wa namna hiyo. Siku chache kabla yake nilikuwa nikivuka barabara, sikusikia kitu, na mara pikipiki ya umeme ikapita karibu mno hata nikaanguka mtaroni nikachubuka magoti. Sikio la babu halikunifaa. Ndiyo maana katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme sharti litoe sauti ya kuonya liendapo polepole.

Ndipo msichana mmoja, ambaye mama yake huuza mboga penye njia panda yetu, akainua mkono. "Mwalimu, kama barabara imekwisha kufungwa, ukuta ule wa nini?"

Nikamjibu, "Gari likiacha njia, lisiwafikie watu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, Mwalimu, ajali ina kinga."

Darasa lote lilinitazama, nami nilijua kwa nini. Tarehe 30 Juni mwaka huo huo, penye njia panda ya Londiani, katika kaunti yetu ya Kericho, lori liliacha njia likawaparamia wachuuzi, waendesha pikipiki na abiria waliokuwa kandokando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya shule, nikawafariji wanafunzi kwa maneno niliyoyasikia tangu utotoni: ajali haina kinga. Nilidhani nimewapa faraja. Kumbe niliwapa ruhusa ya kutofikiri.

Siwalaumu watu wa Cape Town kwa kumjengea ukuta mtu aliyekuja kutazama mchezo. Walifanya vema. Ila nilijiuliza: ikiwa mtazamaji wa siku moja astahili zege na chuma, je, mama auzaye kabichi kando ya barabara kila siku ya maisha yake astahili nini?

Juma lililofuata wanafunzi walikwenda penye njia panda yetu, wakahesabu magari kwa saa moja, kisha wakawasihi akina mama wavisogeze vibanda vyao nyuma. Mama wa yule msichana alikataa. "Mwanangu," alisema, "mteja hamwoni aliye mbali, na ninyi nyumbani hamli usalama." Neno hilo lilitufunza kuliko filamu. Kumwambia mtu akae salama bila kumtengenezea mahali pa kukaa ni kumwambia alale njaa.

Basi tukarudi na majembe. Kwa Jumamosi tatu, vijana na wazazi wao walisawazisha ardhi iliyo ng'ambo ya mtaro, wakaweka vivuko vya mbao ili wateja wapite, na akina mama wakahamia huko mmoja mmoja. Wa mwisho kuhama alikuwa yule aliyekataa. Aidha, wanafunzi waliandika barua kwa serikali ya kaunti kuomba matuta na kizuizi cha chuma. Majibu hatujayapata, na mtaro hauwezi kulizuia lori zito. Lakini wale akina mama sasa wako hatua kumi mbali na lami kuliko walivyokuwa.

Wanafunzi wangu, methali ni urithi wetu, nasi twapaswa kuziheshimu. Lakini mrithi mwema huukagua urithi wake. Zipo ajali zisizo na kinga, na kwazo tutalia pamoja. Zipo nyingine ambazo kinga yake yajulikana, ila haijajengwa.