Haki ya Mwili: Wiki Moja Njiani Mombasa



Wasomaji wapenzi, leo naomba niwatembeze kwa miguu katika mji wetu wa Mombasa. Si safari ya mbali, lakini mimi imenichukua miaka hamsini na ushei kuianza, na kabla ya kuwasimulia nina deni la kulipa.

Miaka michache iliyopita, baada ya darsa, dada mmoja aliniuliza iwapo yafaa yeye na wenzake kwenda kukimbia asubuhi kando ya bahari. Nikamjibu kwamba zoezi la mwanamke ni ufagio na kinu. Watu wakacheka, naye akanyamaza. Mwaka jana mke wangu alipimwa akakutwa na sukari. Daktari akatwambia kwamba, pamoja na dawa, apunguze wanga na mafuta, na atembee kwa kasi nusu saa kila siku, angalau siku tano kwa wiki. Nikamtazama mke wangu. Ufagio na kinu havijamtoka mkononi tangu nilipomuoa.

Basi tukajiunga na kikundi cha majirani, wanawake kwa safu yao na wanaume kwa yao. Wenye pumzi hukimbia, wasio nayo huenda kwa haraka.

Jumamosi tulikutana baada ya sala ya Alfajiri mbele ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Kutoka hapo tukafuata njia hadi Mama Ngina. Tangu bustani hiyo ya ufuoni ikarabatiwe mwaka wa 2019, njia yake ni pana, na mwendaji haogopi magari. Upande mmoja kuna mibuyu mikongwe, upande wa pili bahari ikipiga miamba. Niliwaona akina mama wa mabuibui na viatu vya raba wakinipita mmoja mmoja, wakinitolea salamu. Wa mwisho kunipita alikuwa mke wangu.

Hapo nikakumbuka hadithi niliyoisomesha kwa miaka mingi. Bwana Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) wakiwa safarini, na Bibi Aisha akamshinda. Baadaye, Bibi Aisha alipokuwa amenenepa, walishindana tena, Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kwamba huku ni kulipa kule. Niliijua hadithi hii siku ile nilipomjibu yule dada. Kujua hakukunifaa kitu.

Jumapili tulikwenda Bamburi, kwenye njia za msituni. Mahali hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe tupu, mpaka mwaka wa 1971 René Haller alipoanza kupanda miti. Mingi ilikufa, lakini mivinje ikastahamili. Majani yake makavu hayakuoza upesi, basi wakaletwa majongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo mtu hukimbia kivulini juu ya ardhi laini isiyoumiza magoti. Nikawaza: ikiwa jiwe limerudi kuwa msitu kwa subira na kwa kazi ya wadudu, mwili wa mtu wa makamo haufai kukatiwa tamaa.

Jumatatu wengi wetu tulifunga sunna, tukatembea polepole kabla ya Magharibi. Mke wangu hakufunga, kwa agizo la daktari. Nawanasihi wenye kutumia dawa za sukari: msifunge wala msianze mbio bila kumwuliza daktari wenu, na mkitoka mchukue tende mfukoni, kwani sukari yaweza kushuka ghafla njiani.

Jumanne ilikuwa zamu ya ufuo wa Nyali. Maji yakipwa, mchanga mbichi huwa mgumu na mguu hauzami; mchanga mkavu wa juu huchosha misuli upesi.

Jumatano nilikuwa na maziko ya kuhudhuria. Mapema nikasikia hodi: "Maalim, twamjia mwenzetu." Walikuwa wanawake wanne wa mtaani. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema leo apumzike, kwa kuwa mimi siendi. Mke wangu alikuwa amekwisha kuvaa raba, amesimama nyuma yangu akingoja nitakalosema. Nikawafungulia mlango. Kabla ya kwenda mazikoni nikapika uji wa wimbi mwenyewe, usio na sukari, ukaungua kidogo. Aliporudi akaunywa wote.

Kuhusu chakula, hatukuviacha vyakula vyetu. Tumevipunguza na kuvipanga. Mahamri ni ya siku moja kwa wiki. Siku nyingine ni mbaazi kwa muhogo wa kuchemsha, kipande kidogo. Samaki huchomwa badala ya kukaangwa, mchicha umeongezwa, na kachumbari huja mezani kabla ya wali. Ijumaa pilau ipo, kwa kiasi. Mtume (S.A.W.) alitufundisha tulipime tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Kwenye sinia zetu ile theluthi ya pumzi ndiyo tuliyoidhulumu.

Sukari ya mke wangu haijaondoka, na dawa bado anameza. Lakini ngazi za nyumba yetu sasa huzipanda bila kusimama katikati, na jioni huniuliza kesho tunakwenda wapi.

Alhamisi nilipumzika, nikaandika maneno haya. Nilisema kosa mbele za watu, na uadilifu ni kulirudisha mbele za watu. Dada yangu uliyeniuliza siku ile, jibu langu halikuwa sawa. Kwa stara, kwa usalama na pamoja na wenzako, nenda. Mwili wako una haki juu yako, nami nilikuzuilia haki hiyo kwa mzaha. Naomba unisamehe. Na enyi waume wenzangu, mkisikia hodi ya asubuhi, fungueni mlango.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya ya kumuabudu, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotutangulia. Amin.