Shimo Lililogeuka Bustani



Msimu wa harusi umefika na maswali ya fungate ni mengi. Wengine mwataka Lamu, wengine Diani. Mimi nawapa jibu la karibu: vukeni daraja la Nyali, muende Haller Park, Bamburi.

Pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950, kikaacha jangwa jeupe lenye joto kali. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikashika 3 tu. Mmoja ni mvinje, ule ule tunaouona ufukweni. Majani yake makavu yakarundikana bila kuoza, mpaka yalipoletwa majongoo. Naam, hao hao tunaowafagia kwa karaha! Walikula majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Wageni walifunguliwa mlango mwaka 1984. Hapo ndipo Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipoandamana na kobe aitwaye Mzee.

Kwa nini nayasema haya kwa maharusi? Kwa sababu nyumba zetu zimejengwa kwa saruji. Shimo lile si la kiwanda peke yake, ni letu pia. Ardhi ni amana, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kila anayekula humo, awe mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake.

Binti yangu anaolewa baada ya Idi. Yeye na mchumba wake wameamua kupunguza mapambo ya ukumbi, fedha hizo zinunue miche ya minazi na miembe ya shamba la bibi yake. Shangazi zake wamenuna: watu watasema nini? Nimewajibu kwa adabu kuwa mapambo hukodishwa usiku mmoja, na asubuhi yanarudi kwa mwenyewe.

Lakini tusidanganyike. Kuponya jeraha si ruhusa ya kuchimba lingine. Bustani ile ilitaka miaka 13 kabla ya kupokea mgeni. Ndoa nayo hutaka subira kama hiyo, na mara nyingi huokolewa na mambo madogo tusiyoyathamini.

Allah awabariki maharusi wote. Amin.