Daftari moja, vitu vya kila aina

Leo tuzungumzie klasi za jeneriki, kitu ambacho vitabu vingi hueleza kwa mifano ya maembe na machungwa mpaka mtu anasinzia. Mimi nilikielewa kwa sababu ya pesa za watu.

Mwaka 2009 nilikabidhiwa programu ya chama kimoja cha akiba, imeandikwa kwa Java. Aliyeiandika alikuwa ameshaondoka. Michango yote aliiweka ndani ya ArrayList isiyotajiwa aina, ile ya mtindo wa zamani inayopokea chochote: mchango, mkopo, hata jina la mtu. Kuingiza hakuna shida. Shida ni kutoa. Mwisho wa mwezi mweka hazina anataka ripoti, programu inasoma mchango wa kwanza, wa pili, halafu inakutana na mkopo na kuanguka: ClassCastException. Mstari ulioanguka haukuwa na kosa lolote! Mkopo ulikuwa umeingizwa na faili nyingine kabisa. Nilisaka siku mbili, na mama wa watu akarudia kalamu na kitabu huku wanachama wakianza kunong'ona.

Dawa ilikuwepo tangu Java 5 itoke Septemba 2004. Unaandika klasi moja, tuseme Daftari<T>, ambapo T ni nafasi iliyoachwa wazi kama ile ya jina kwenye fomu. Ukitangaza Daftari<Mchango>, kompaila inaukataa mkopo hapo hapo, ungali mezani kwako. Ukitaka daftari lijumlishe pesa, andika Daftari<T extends Malipo>, basi kila kitakachoingia lazima kiwe na kiasi. Klasi moja, michango na mikopo kila moja na daftari lake.

Lakini Java huifuta ile T baada ya kukompaili, ili programu za kabla ya 2004 ziendelee kufanya kazi. Ndiyo maana huwezi kuandika new T(). C# 2.0 ya mwaka 2005 iliihifadhi aina hata programu ikiwa kazini, na mimi naona walifanya vizuri zaidi (wapenzi wa Java msinitupie mawe).

Na ile ArrayList ya zamani Java inaikubali hadi leo, kwa onyo tu. Maelezo yake kamili hayaonekani mpaka ukompaili kwa -Xlint:unchecked. Nilipofanya hivyo kwenye programu ya chama, yalitoka maonyo 41, na mstari uliokuwa ukiingiza mikopo ulikuwamo.